Sadaka Imlemeayo Apewaye

Msiba uingiapo katika nchi, ukiwa ni mafuriko au zilizala au moto, watu wa miji yetu hawangoji kuitwa. Mwenye dini na mwenye utu hufungua sanduku lake, akatoa nguo, akatoa vyombo, akatoa na dawa zilizosalia tangu maradhi ya mwaka jana, akavipeleka msikitini au kwa mzee wa mtaa, kisha akarudi kwake moyo umetulia. Huu ni wema, wala hatukuandika somo hili kwa kuuvunja. Walakini liko suali moja tusilolisikia likiulizwa: mzigo ule, baada ya kuondoka mlangoni petu, huenda wapi? Ni nani auchukuaye, ni nani aufunguaye na kuupambanua, ni nani aulipiaye, na yule aliyekusudiwa amepata nini? Leo twataka kulifuata suali hili mpaka mwisho wa njia yake.

Tuanze na Aceh, katika kisiwa cha Sumatra, nchi ya Waislamu ambao wamezoea kuiita baraza ya Makka, kwa kuwa mahujaji wa visiwa vile zamani walikuwa wakipandia merikebu huko. Tarehe 26 Disemba 2004 ardhi ilitikisika chini ya bahari yao, na maji yakanyanyuka kama ukuta. Mawimbi hayo hayo yalifika kwetu siku ile ile. Katika Kenya alikufa mtu mmoja, na katika pwani ya Somalia wakafa mamia. Lakini huko Aceh waliokufa na waliopotea walipita 160,000. Dunia nzima ilishtuka, na dunia nzima ikatoa.

Sasa tazama kilichotolewa. Dawa zilizofika Aceh zilikisiwa kuwa tani 4,000, na watu waliokusudiwa kupewa hawakufika milioni 2. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila mmoja wao, mzima na mgonjwa, mzee na mtoto mchanga, alipelekewa kilo 2 za dawa na zaidi. Chama kimoja cha wafamasia cha Ufaransa kilikwenda kuzichungua, kikakuta kwamba katika kila dawa 10, dawa 6 hazikuwamo katika orodha ya dawa za lazima ya Indonesia, na dawa 7 zilikuwa na maandishi ya lugha isiyosomeka na wauguzi wa pale. Tani 600 zilikuwa hazifai ila kuharibiwa, na gharama ya kuziharibu ilikisiwa kupita euro milioni 2. Maana dawa mbovu haitupwi jaani kama ganda la ndizi. Yataka tanuri la moto mkali, au itaingia visimani.

Na nguo je? Aceh iko kaskazini ya ikweta kama Mombasa ilivyo kusini yake, na joto lao ni joto letu. Lakini zilifika nguo za sufu na makoti ya baridi ya Ulaya na Marekani. Wahudumu wa misaada wamesimulia kwamba marundo ya nguo yaliachwa ufukoni kwa kukosa pa kuwekwa, yakanyeshewa, yakaoza, na mwisho yakamwagiwa mafuta yakatiwa moto. Huo ndio mwisho wa njia wa koti ambalo mtu alilikunja kwa mikono yake, pengine na machozi yakimtoka, nyumbani kwake maili elfu nyingi mbali.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Aceh tu. Miaka 16 kabla ya hapo, tarehe 7 Disemba 1988, zilizala iliipiga Armenia ikaua watu kiasi cha 25,000. Dawa na vifaa vya tiba vilivyopelekwa vilikuwa tani 5,000, thamani yake dola milioni 55. Walikaa watu 50 kwa muda wa miezi 6 wakipambanua tu, kabla ya kujulikana barabara ni nini kilichofika. Katika dawa hizo, 8 katika kila 100 zilifika muda wake umekwisha, na 4 ziliharibiwa na baridi. Katika zilizobaki, ni 30 tu katika kila 100 zilizoweza kutambulikana kwa urahisi, na 42 tu ndizo zilizofaa kwa hali ile ya dharura. Tafakari, ewe msomaji: watu 50 wajuao dawa, katika nchi ambayo majeruhi wamelala chini, wanasoma vibandiko kwa nusu mwaka!

Huko Eritrea, katika vita vya mwaka 1989, zilifika lori 7 za aspirini iliyokwisha muda wake, na kuzichoma peke yake kulichukua miezi 6. Na katika Lithuania mwaka 1993 jambo lilikuwa zito zaidi. Ilifika dawa isiyokuwa na maelezo, na madaktari, kwa kukosa la kufanya, wakalinganisha jina lake na majina ya dawa nyingine wazijuazo, wakawapa wanawake wagonjwa. Kumbe ilikuwa ni dawa ya minyoo ya wanyama. Wanawake 11 walipofuka kwa muda. Kwa ajili ya mambo kama haya Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kanuni zake mwaka 1996, na muhtasari wake ni wepisi: isipelekwe dawa isiyoombwa, iwe katika orodha ya nchi ile, iandikwe kwa lugha ijulikanayo na waganga wa pale, iwe imebakisha mwaka mmoja angalau kabla ya kwisha muda wake, na zisipelekwe kabisa dawa zilizorudishwa na wagonjwa. Basi ile chupa iliyobaki nusu katika kabati lako, hata kama ni ya thamani, haina njia ya kwenda popote.

Yako mambo mawili hapa, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kutoa kilicho kibaya, na hili dini yetu imelikataza zamani. Al-Baraa bin Azib amepokea kisa cha Aya ya 267 ya Suratul Baqara. Maanswari wenye mitende walikuwa wakileta vichala vya tende wakivitundika katika kamba baina ya nguzo mbili za msikiti wa Mtume (s.a.w.), ili mafakiri wa Suffa wenye njaa wale. Wakatokea baadhi yao wasio na hamu ya kheri, wakaleta kichala chenye tende zilizosinyaa na kilichovunjika, wakakitundika pamoja na vingine. Ndipo ikashuka Aya kuwakataza waumini wasikusudie kibaya katika mali yao wakakitoa, hali wao wenyewe wasingalikipokea ila kwa kufumba macho. Angalia kwamba jambo hili lilitokea msikitini, mahala pa kukusanyia sadaka, mbele za watu. Kamba ile ingali imetundikwa mpaka leo katika miskiti yetu, ingawa sasa ni sanduku la karatasi. Mwenye kutoa shati lililochanika na kiatu cha mguu mmoja anajijua, na hatutamwongezea neno.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ndilo tulilolikusudia. Nalo ni kutoa kilicho kizuri mahala pasipokifaa. Lile koti la sufu lililochomwa Aceh halikuwa bovu. Huyu mtoaji hakukusudia ubaya, na kwa hivyo dhamiri yake haimsuti, na kwa kuwa haimsuti hajirekebishi. Atafanya vivyo hivyo msiba ujao.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wanavyuoni wetu wamepiga makelele kwa miaka mingi juu ya matanga, na sababu yao ni wazi. Mtume (s.a.w.), ilipokuja khabari ya kufa kwa Jaafar bin Abi Talib, aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamejiwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tukaigeuza. Mfiwa akawa ndiye mwenyeji, akawa ndiye anunuaye mchele na nyama, anaazima masufuria na majamvi, anatafuta wapishi, na wageni waliokuja kumliwaza wanakula na kumwachia deni. Kila mmoja katika wale wageni ana nia njema. Walikuja kwa mapenzi. Lakini mzigo umemwangukia yule ambaye ilitakiwa aondolewe mzigo.

Sadaka isiyoulizwa humfanyia mtu wa mafuriko jambo lilo hilo. Kontena likifika bandarini lataka mtu wa kulitoa, na ada za kuliweka, na ushuru au hati ya kusamehewa ushuru. Lataka lori, na lori lataka mafuta na dereva. Likifika, lataka bohari, na bohari yataka mlinzi. Kisha marobota yataka mikono ya kuyafungua, kupambanua ya wakubwa na ya watoto, mazima na mabovu. Mikono hiyo ni ya nani? Ni ya wale wale ambao nyumba zao zimezama, au ya wauguzi ambao wagonjwa wao wanangoja. Huko Honduras mwaka 1998, baada ya kimbunga kiitwacho Mitch, imesimuliwa kwamba ndege iliyobeba vitu vilivyohitajiwa ilikosa pa kutua kwa kuwa uwanja umejaa nguo za msaada. Basi nguo zile hazikuwa bure. Zilikuwa na bei, na bei yake ililipwa na mgonjwa aliyekuwa akiingoja ile ndege.

Hata maji ya kunywa yana hesabu yake. Maofisa wa misaada wa Marekani waliwahi kupiga hesabu kwamba lita 100,000 za maji ya chupa huwatosha watu 40,000 kwa siku moja tu, na kuzisafirisha kutoka Marekani hadi Afrika ya Magharibi ni kiasi cha dola 300,000. Maji kadiri hiyo, yakisafishwa papo hapo kwa mitambo midogo ya kuchukulika, hugharimu kiasi cha dola 300. Mtu akitoa maji hapana anayemlaumu, kwani maji ni katika sadaka bora. Lakini kwa mali ya kunyweshea watu siku moja, wangalinyweshwa siku elfu.

Na kuna kitu kimoja ambacho khasa akina mama hupenda kukitoa, nacho ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Ni nani awezaye kukataa kopo la maziwa mbele ya kitoto kinacholia? Tarehe 27 Mei 2006 zilizala ilipiga Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, na makopo yakagawiwa nyumba hata nyumba bila ya kuulizwa ni mama yupi anyonyeshaye na yupi asiyeweza. Walipochunguza baadaye walikuta kwamba watoto waliopata maziwa yale ya msaada walioharisha katika juma moja ni kiasi cha 25 katika kila 100, na wale wasiopata ni kiasi cha 12. Sababu haikuwa sumu ndani ya kopo. Maziwa ya unga yataka maji safi, yataka moto wa kuchemshia, yataka chupa iliyooshwa. Na mahala palipovunjika visima na majiko, vyote vitatu havipo. Ziwa la mama halitaki hata kimoja katika hivyo. Qurani imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kutimiza, na mama aliyemo hemani anahitaji mtu wa kumpa yeye chakula na utulivu ili anyonyeshe. Yatima asiye na wa kumnyonyesha ana hukumu yake, na huyo hupewa maziwa kwa uangalizi wa wauguzi, wala si kwa kutupiwa kopo kutoka juu ya lori.

Sasa turudi kwetu. Mto Tana hufurika. Ulifurika mwaka 1961, ukafurika 1997, na wengi wetu twakumbuka Novemba 2023, ambapo mafuriko yaliua zaidi ya watu 100 katika Kenya na kuwatoa mamia ya maelfu majumbani mwao, na barabara za Garissa, Hola na Garsen zikakatika mahala pengi. Mwaka uliofuata, Aprili na Mei, maji yakarudi. Kila mara miji ya pwani ilikusanya, na miongoni mwa vilivyokusanywa vilikuwamo marobota ya nguo kuukuu.

Nchi hii haikosi nguo kuukuu! Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika ziingizazo mitumba kwa wingi kabisa. Nenda Kongowea asubuhi yoyote utaona marobota yakifunguliwa, na shati zima unaliona kwa bei ya kikombe cha chai na mahamri. Mtu wa Garsen ambaye maji yamemchukulia nguo zake hakukosa nguo kwa kuwa hazipo duniani. Amekosa fedha ya kuzinunua. Ukimpakilia mitumba kutoka Mombasa umelipa nauli ya lori kumpelekea kitu ambacho mchuuzi wa pale alikuwa nacho, na mchuuzi yule, ambaye naye maji yamemwingilia dukani, sasa hana wa kumuuzia. Na barabara ikiwa imekatika, na mizigo yavushwa kwa mashua, kila robota lililomo mashuani limekalia nafasi ya kitu kingine. Nafasi ya robota moja hutosha vidonge vya kusafishia maji vya kijiji kizima, au vyandarua, au turubai. Baada ya mafuriko huja kipindupindu na malaria, na hayo hayazuiwi kwa suruali.

Tena mtu wa Tana si mmoja. Mpokomo aliyepoteza mahindi na migomba, maji yakishuka, ardhi yake ina rutuba mpya na anachokitaka ni mbegu na jembe kabla unyevu haujaondoka. Muorma aliyepoteza ng'ombe hana kazi na mbegu yako. Yeye ataka dawa ya mifugo waliosalia. Hayo hayajulikani Mombasa wala Malindi kwa kukaa barazani na kukisia. Yajulikana kwa kuuliza.

Atasema msemaji: matendo ni kwa nia, na hadithi yake kila mtoto wa chuo ameihifadhi. Mimi nimenuia kheri, thawabu zangu nimezipata, na mengine nimemwachia Mola. Jawabu yetu ni kwamba sisi hatuna amri juu ya thawabu zake, na twamwombea azipate. Lakini hebu mtu huyu aseme: akisali kwa nia safi bila ya kuuliza kibla kiko wapi, hali watu wa kuulizwa wamo ndani ya nyumba, je, ataambiwa nia yamtosha? Nia ni mlango wa amali, na baada ya mlango kuna nyumba yenye masharti yake. Na Qurani ilipokataza sadaka kufuatishwa masimango ilikataza pamoja nayo udhia, na udhia hautoki ulimini peke yake. Kumwachia mtu aliyefikwa na msiba tani 600 za taka ni udhia. (Na kumsimamisha mbele ya kamera akiwa ameshika pakiti ya unga, ili picha yake izunguke katika simu za mji mzima, nako ni udhia, ila hilo lataka somo lake peke yake.)

Wema waliotangulia waliuliza. Muadh bin Jabal alipokuwa Yemen kukusanya zaka, imepokewa kwamba aliwataka watu wa kule walete nguo mahala pa shayiri na mtama, akatoa sababu mbili: kwamba kwao wao ni sahali zaidi, na kwa masahaba walioko Madina ni bora zaidi. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika kulichukua neno hili kuwa hoja ya kutoa thamani katika zaka, na wenzetu wa madhehebu ya Shafi wana majibu yao. Sisi hatuingii hapo. Twalitazama jicho la Muadh tu: amesimama Yemen, na anayemtazama ni mpokeaji aliyeko Madina. Anaijua haja ya mji ule, na anapima uzito wa mzigo njiani.

Hata katika zakatul-fitri, ambayo Mashafi huishikilia kuwa chakula, sharti lao ni chakula kikuu cha mji ule. Hawakusema chakula akipendacho mtoaji. Mwenye kula mkate wa ngano peke yake, katika mji ambao watu wake huishi kwa mchele, fikihi humwelekeza kwenye mapishi ya jirani zake. Ajabu ni kwamba kanuni hii twaihifadhi kwa kibaba cha Mfunguo Mosi, kisha twaisahau kwa lori zima la mafuriko.

Na Sayyidna Umar, katika mwaka wa 18 wa Hijra, ule uitwao Mwaka wa Majivu kwa ukame uliozigeuza nchi rangi, aliwaandikia magavana wake walete chakula. Misafara ilipokuja aliagiza kwamba watu wa mashambani wasioweza kufika Madina, kila nyumba ipewe ngamia pamoja na kilichomo mgongoni mwake. Na akaeleza la kufanya: ngamia achinjwe, mafuta yayeyushwe, nyama ikaushwe, ngozi ikatwe, na unga upikwe kwa nyama ile na mafuta yale kidogo kidogo mpaka Mungu alete riziki. Tazama uhodari wa mpango huu. Mchukuzi naye ni sehemu ya sadaka. Haukubaki mzigo wa kupambanuliwa, wala bohari ya kulindwa, wala mnyama wa kulishwa na watu wenye njaa, na mpewa ameachiwa nyumba yake aiongoze mwenyewe.

Leo ngamia wetu ni simu. Tangu mwaka 2007 fedha zatumwa kwa simu katika Kenya, na mwenye shida hupokea papo alipo. Katika njaa ya Somalia ya mwaka 2011, ambako misafara mingi ya chakula haikuweza kuingia, watu zaidi ya milioni 1 walifikiwa kwa fedha na vyeti vya kununulia, na nyingi zilipita kwa mawakala wa hawala, biashara ambayo babu zetu wa bandari hizi waliijua kabla ya benki. Na ulipokuwako mnunuzi mwenye fedha, wafanyabiashara wa kule kule waliingiza vyakula wenyewe, kwa njia wazijuazo na bei waziwezazo. Mwenye nyumba akanunua alichokosa: mmoja unga, mwingine dawa, mwingine akalipa deni lililokuwa likimzuia kukopeshwa tena dukani.

Wala hatusemi fedha ndiyo dawa ya kila jambo. Palipo na soko lililozama na duka lisilo na bidhaa, shilingi hailiwi. Siku mbili tatu za mwanzo, chakula kilichopikwa na jirani wa kijiji cha pili kilichosalimika ni bora kuliko kila kitu, kwani kimekuja kwa miguu na kimepikwa na ajuaye wanachokula wenzake. Mahema, turubai, vyandarua na dawa za maji mara nyingi havipatikani karibu na vyataka kupelekwa. Lakini vipelekwe kwa kuombwa, kwa hesabu ijulikanayo, na kwa mkono wa wale ambao tayari wamo kazini.

Sasa twaja kwenye kidonda chenyewe, ambacho watu hukisema pembeni na hawakiandiki. Wengi katika sisi twatoa nguo kwa kuwa hatuiamini kamati na fedha. Husema: fedha zitaliwa, lakini koti kuukuu ataliiba nani? Khofu hii ina msingi, na hapana faida ya kuikana. Walakini kukimbilia nguo hakuiponyi. Vitu navyo huuzwa uchochoroni, na bidhaa za msaada kuonekana madukani si jambo geni duniani. Kilichobaki ni kamati ijitengeneze. Iandike kila shilingi iliyoingia, na jina la aliyeitoa au neno "asiyetaka kutajwa". Iandike zilikokwenda, kwa nani, siku gani, na hati ya malipo ibandikwe ukutani mwa msikiti Ijumaa inayofuata, isomwe na apendaye. Iwe na watu wawili wa kuhisabu wasiokuwa ndugu. Kamati isiyoweza hayo, basi iwaambie watu wapeleke fedha zao moja kwa moja kwa shirika lililo kazini mahala pale, kama Msalaba Mwekundu wa Kenya, au kwa jamaa wa kuaminika waliopo Hola na Garsen, nayo ijivue dhamana.

Na nguo zile kuukuu nzima nzima, ambazo mtu amekwisha kuzitoa sandukuni? Ziuzwe hapa hapa mjini. Wako wachuuzi wa mitumba katika kila mtaa, na wako mafakiri wa mtaa ule ule watakaochagua wakitakacho mbele ya macho yetu bila ya lori wala bohari. Thamani yake ipelekwe kulikoombwa.

Limebaki jambo la wanawake. Kamati zetu karibu zote ni za wanaume, na wanaume hukusanya wanachokikumbuka wanaume. Mwanamke aliyetoka usiku katika maji, amebaki na nguo moja iliyomganda mwilini, hawezi kusimama katika foleni ya unga mbele ya watu wala hawezi kusali kwa raha. Mashati 50 ya kiume hayamsaidii. Leso jozi mbili humsitiri, humbebea mtoto, humfunika usiku, humfaa kwa sala. Na leso zapatikana mpya Biashara Street kwa bei ya jumla. Ana haja pia ya vitambaa vya ada yake ya mwezi, jambo ambalo hapana mwanamume atakayelitaja katika mkutano wala mwanamke atakayelisema mbele yao. Kwa hivyo kabla ya mvua za vuli, ambazo kwa dasturi huanza Oktoba, kila kamati yafaa iwe na wanawake wawili au watatu wenye simu za wenzao walioko kandokando ya mto, wenye kuwauliza wao kwa wao, na orodha yao ifike mezani kabla ya sanduku la kwanza halijafunguliwa.